Somo kwa Kamati za Diakonia: Msaada Umfuate Mtoto

Katika robo hii tujifunze jambo moja: msaada wa yatima ni wa mtoto, si wa nyumba alikoandikishwa.

Katika usharika wetu mmoja wa milimani, mtoto alihama kwa bibi yake akaenda kwa mama yake mdogo, Moshi mjini. Orodha yetu haikubadilishwa. Mihula miwili sare na madaftari vilipelekwa kwa bibi, na mtoto akasoma bila sare. Baadhi ya wajumbe walitaka bibi alipishwe. Tulipomtembelea tulikuta vinatumiwa na wajukuu wengine wawili, yatima pia, ambao hatukuwaandika. Kosa lilikuwa letu.

Hata TASAF, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, ililazimika kuhakiki walengwa na kuondoa kaya hewa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka utaratibu wa malezi ya kambo, na inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto. Kwa hiyo mtoto asikabidhiwe kwa mtu baki bila Afisa Ustawi wa Jamii kuhusishwa.

Tufanye haya:
1. Kila muhula kamati imwone mtoto mwenyewe, si jina lake tu.
2. Akihama, orodha ibadilishwe mara moja.
3. Fedha ikiliwa, irudishwe na aliyeila. Mtoto asikatiwe msaada.

Swali la kujadili: Katika mtaa wenu, ni mtoto yupi hajaonwa tangu muhula uliopita?