FURAHA ISIYONGOJA SAFARI
Somo kwa wazazi na walezi wa watoto wadogo



 Somo la mwezi huu ni la akina baba na akina mama wenye watoto wadogo. Ni la mabibi na mababu pia, na la dada wakubwa, na la wote wanaolea watoto ambao wazazi wao hawapo tena. Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia msome Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Yeremia 29:4-11 na Hosea 11:1-4. Someni kwa sauti, watoto wakiwepo.

UTANGULIZI

Hapa Nakivale kuna neno tunalolisema kila siku: "ngoja". Tunangoja simu ya mahojiano. Tunangoja majina yabandikwe ukutani. Tunangoja habari za amani kutoka Kivu. Mwezi wa Januari 2025 wengi wetu tuliona milango miwili ikifungwa kwa pamoja. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mji wa Goma ukaingia mikononi mwa M23. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Waliotazamia kupanda ndege walibaki, na waliotazamia kurudi nyumbani walibaki pia.

Kungoja si dhambi. Ibrahimu alingoja, na Simeoni alingoja. Lakini kuna hatari moja ambayo tunataka kuisema wazi leo. Neno tunaloambiwa sisi kwenye maofisi, tunarudi nalo nyumbani na kuwaambia watoto. "Ngoja, tukifika huko tutacheza." "Ngoja, tukirudi kwetu utamwona baba akicheka." Mtoto hawezi kungoja hivyo. Mwenye miaka 2 leo hatakuwa na miaka 2 siku ile safari itakapopatikana. Faili linaweza kukaa kwenye kabati miaka 10 likabaki lilelile, lakini mtoto hakai.

Sisi wenyewe tunaoandika tulianguka katika kosa hili. Jioni moja tulikuwa nje na simu mkononi, tukitafuta mtandao, maana tuliambiwa huenda tungepigiwa. Binti yetu mdogo alikuwa ameokota kijiti na kuandika jina lake kwenye udongo wa uwanja, kwa mara ya kwanza, bila msaada. Aliita, "Baba, njoo uone!" Tukamjibu, "Ngoja kwanza." Akaita tena, tukamjibu vilevile. Simu haikulia. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi uwanja ulikuwa mtupu. Binti aliandika jina lake mara nyingi baada ya siku ile, lakini mara ya kwanza hatukuiona, na hakuna ofisi itakayoturudishia.

1. MUNGU ALIWAANDIKIA WATU WALIOKUWA WANANGOJA

Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka Babeli, walikuwepo manabii waliowaambia kwamba mambo yataisha upesi. Katika Yeremia 28 tunamsoma Hanania, aliyeahidi kwamba katika miaka 2 kila kitu kitarudishwa. Bila shaka wengi walimpenda Hanania. Nani asingependa kusikia hivyo? Lakini barua ya Yeremia katika sura ya 29 ilisema miaka 70.

Tufanye hesabu. Mama aliyekuwa na mtoto mchanga siku barua ile ilipofika, mtoto wake angekuwa mzee kabla ya watu kurudi. Kama mama yule angesema, "Nitafurahi na mwanangu tukirudi Yerusalemu," asingefurahi naye kamwe. Ndiyo sababu Bwana aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, waongezeke wala wasipungue. Hakuwaambia wasahau kwao. Ahadi ya kurudi imo katika barua hiyohiyo, mstari wa 10. Alitaka waishi katika siku walizo nazo huku wakiishika ahadi.

Sisi tunaelewa barua hii vizuri. Makazi haya yamepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60. Wapo waliozaliwa hapa, wakakua hapa, wakazaa hapa. Tusiwaibie watoto wetu utoto wao kwa sababu ya tarehe ambayo Mungu peke yake ndiye anayeijua.

2. NYAKATI NNE ZA SIKU

Tulipokuwa chuo cha Biblia tulijifunza Kumbukumbu 6:7 kama amri ya kufundisha watoto neno la Mungu, na ndivyo ilivyo. Lakini tuliruka mambo mawili. La kwanza: Musa alisema na watu waliokaa mahemani, ng'ambo ya Yordani, ambao walikuwa hawajafika. Watoto wengi waliokuwa pale walizaliwa njiani, katika miaka ile 40. La pili: Musa hakutaja darasa. Alitaja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hizi ni nyakati nne ambazo hata mtu asiye na kitu anazo kila siku.

(a) Unapoketi. Tangu mgawo ulipopunguzwa mwaka 2023, nyumba nyingi zinapika mara moja kwa siku. Wazazi tunakula kimya, kila mmoja akihesabu moyoni unga utakaobaki. Watoto wanauona uso wetu kuliko tunavyodhani. Kama mlo ni mmoja, basi huo ndio saa yenu ya kuketi. Ombeni, kisha kila mtoto aseme jambo moja aliloliona siku hiyo. Mdogo atasema habari za kuku wa jirani, na habari hiyo itakuwa ndefu isiyo na mwisho. Msikilizeni mpaka amalize. Bugali haitaongezeka kwa kumsikiliza, lakini yeye ataondoka pale akijua kwamba ana baba na mama.

(b) Unapotembea njiani. Mama anakwenda bombani na bidoni ya lita 20, na nyuma yake mtoto na kachupa kake. Mtoto anasimama kutazama siafu. Anasimama tena kuhesabu pembe za ng'ombe wa wenyeji, zile ndefu za Ankole. Mama anasema, "Haraka, foleni itakuwa ndefu!" Ni kweli, foleni ni ndefu. Lakini foleni ni ya kusimama tu, na hapo nafasi ipo. Mwulize siafu walikuwa wanabeba nini. Mwimbie wimbo mmoja wa kwetu. Mwambie ni nani aliyewaumba ng'ombe wale. Bwana Yesu mwenyewe alikuwa mtu wa kutazama michezo ya watoto. Katika Mathayo 11:16-17 anataja watoto wa sokoni waliokuwa wakicheza arusi na msiba, na mpaka namna walivyogombana aliijua. Aliyekuja kuokoa ulimwengu alipata nafasi ya kuangalia mchezo.

(c) Unapolala. Taa haipo au betri imekwisha, na hiyo ni nafasi nzuri ya hadithi. Hadithi za sungura na fisi hazilipiwi. Zaidi ya hizo, wapeni watoto majina: babu aliitwa nani, bibi alilima nini, kijiji kilikuwa upande gani wa ziwa. Mtoto aliyezaliwa hapa hana mlima wa kwao machoni, lakini anaweza kuwa nao masikioni. Akiuliza, "Tutarudi lini?", msimdanganye kama Hanania. Mwambieni, "Hatujui siku, lakini Mungu anatujua sisi." Kisha mfunikeni blanketi.

(d) Unapoamka. Siku nyingi neno la kwanza la asubuhi ni la kufokea: amka, ondoka, chota, fagia. Jaribuni kuanza na salamu. Wekeni mkono juu ya kichwa cha kila mtoto, mtaje jina lake na kumbariki. Haichukui hata dakika moja. Watoto wengine wamelala na hofu au na njaa, na mkono wa mzazi ndio unaowaambia kwamba asubuhi imefika.

3. MUNGU MWENYEWE ANAFURAHI HIVI

Mtu anaweza kusema, "Haya ni mambo madogo, sisi tuna mambo makubwa." Tusome Hosea 11. Mungu anapotaka kuonyesha jinsi alivyowapenda Israeli, hazungumzi habari za vita alizowashindia. Anakumbuka jinsi alivyomfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono, na jinsi alivyoinama kumlisha. Kila mzazi hapa ameinama hivyo, mgongo ukiuma, akimshika mtoto mikono miwili huku akipiga hatua mojamoja kwenye vumbi. Mungu Mwenyezi anasema, Mimi nalijua jambo hilo, nami nalikumbuka.

Tena katika Zekaria 8:5, Bwana anapoeleza jinsi Yerusalemu litakavyoponywa, anataja wavulana na wasichana wakicheza katika njia zake. Hiyo ndiyo alama ya amani aliyoichagua. Basi jioni mnapoona watoto wa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wakifukuza pamoja mpira wa mifuko ya plastiki na kamba, msione kelele tu. Oneni kipande cha unabii.

Naye Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, alimpa mwanawe wa pili jina Efraimu, kwa maana Mungu alimpa uzazi katika nchi ya mateso yake (Mwanzo 41:52). Aliiita nchi ile nchi ya mateso, na wakati huohuo alifurahia mtoto. Hayo mawili yalikaa katika kinywa kimoja.

4. NA KAMA MOYO NI MZITO?

Hatuandiki somo hili ili kuwaongezea mzigo waliolemewa. Wapo kati yetu walioona mambo ambayo hayasemeki. Wapo akina mama wanaomtazama mtoto na kumkumbuka mwingine aliyebaki njiani. Muhubiri 3:4 inasema kuna wakati wa kulia na wakati wa kucheka, na Mungu hakuufuta ule wa kwanza. Furaha ya Kikristo si kujifanya. Mtoto akimwona mama analia, mama aseme, "Nimemkumbuka bibi yako." Hiyo ni bora kuliko kukaa kimya, kwa maana mtoto mdogo akiona huzuni asiyoelezwa hudhani yeye ndiye kosa.

Lakini kama wiki zinapita na huwezi kulala, huwezi kula, mtoto akilia husikii kitu au unasikia hasira tu, usibaki peke yako. Huo si upungufu wa imani. Mwambie mzee wa kanisa au mama wa idara ya wanawake akusindikize kituo cha afya, na ukirudi tutaendelea kuomba pamoja. Nanyi majirani, mchukueni mtoto wa mama aliyechoka kwa saa moja apumzike. Hiyo nayo ni huduma.

Neno kwa akina baba. Kazi hakuna, na mwanaume asiye na kazi huona aibu kukaa nyumbani, basi anakwenda kukaa senta mpaka giza. Ndugu zetu, huenda hakuna fedha unayoweza kuleta jioni, lakini uso wako unaweza kuuleta. Mtoto mdogo bado hajui bei ya kitu. Anajua tu kama baba alikuja.

5. TUFANYE NINI WIKI HII?

Tuchague jambo moja tu, si yote. Wengine watachagua mlo, wengine njia ya maji, wengine hadithi ya usiku, wengine baraka ya asubuhi. Tulishike siku 7. Na mtoto akiita, "Njoo uone!", twende kuona. Likiwa ni jina kwenye udongo, tulisome kwa sauti. Simu ikilia wakati huo, italia tena.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA SELI

1. Ni furaha gani tumeiahirisha mpaka "tutakapofika"? Je, tunaweza kuianza hapa?
2. Kwa nini watu walimpenda Hanania kuliko Yeremia? Na sisi tunapenda kusikia nani?
3. Katika nyakati nne za Kumbukumbu 6:7, upi ni mgumu zaidi nyumbani mwetu, na kwa nini?
4. Waulizeni watoto: siku gani mlifurahi sana na baba au mama? Msiwasahihishe. Sikilizeni tu.

TUOMBE

Bwana Mungu, wewe uliyeinama kumfundisha Efraimu kutembea, utusaidie kuinama kwa watoto wetu. Ahadi ya kurudi tunaiweka mikononi mwako. Siku ya leo umeiweka mikononi mwetu, nasi tunaomba macho ya kuiona kabla mvua haijanyesha. Uwafariji wanaolia. Uwalinde watoto wa makazi haya, wa kila kabila na kila lugha. Katika jina la Yesu, aliyekuwa mtoto mkimbizi kule Misri. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Tukutane Jumapili, mje na watoto. Wakipiga kelele kidogo, tutahubiri kwa sauti zaidi.