Bunkeya na Lofoi: mbele ya kupanda kamyo



Katika interna wengi wanauliza: "Safari ya mwisho wa mwaka, tutaona nini kule porini? Heri tutembee Lubumbashi." Mimi nilifika kule mwaka jana, wakati nilikuwa darasa la tano. Basi mwalimu wa historia aliniomba kuandika kidogo, ili mtu asishuke kwa kamyo na macho matupu.

Kamateni kaye. Bunkeya iko kaskazini-mashariki ya Likasi. Ukifika utaona nyumba, mashamba na vumbi, utasema: ni hii tu? Lakini katika miaka ya 1880 hapo palikuwa mji mkubwa wa Msiri, mwami wa Wayeke. Wayeke walitoka Usumbwa, upande wa mangaribi wa inchi inayoitwa leo Tanzania, walifuata shaba. Msiri alishika biashara yote: shaba, chumvi, pembe za tembo, na watu pia. Frederick Stanley Arnot, mmisionere wa Kiprotestanti, alifika kwake mwaka wa 1886. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kukamata Katanga kwa ajili ya Leopold II, alimpiga Msiri risasi akafa. Masuka, mtoto wa Msiri, akampiga Bodson palepale, naye akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo hakijulikani kiko wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tuliharibu. Tulikuwa tumesimama kwa kaburi la Msiri, muzee mumoja wa pale anatueleza. Rafiki yangu, ambaye ni Musanga, akasema kwa sauti: "Ni huyu aliuza babu zetu." Mwenzetu mwingine, Muyeke, akamushika shati. Tukawatenganisha. Mimi, mukubwa wa wanafunzi wa leo, nilikuwa ninacheka nyuma. Nasema kweli, haya ingali inanishika.

Muzee hakukasirika. Alikaa kimya, kisha akauliza rafiki yangu: "Babu yako alikueleza nini? Uandike, uniletee." Hilo tu. Nami nilirudi nikasoma: mwaka ule wa 1891, mbele ya Stairs kufika, Wasanga walikuwa wamekwisha kumwasi Msiri. Kumbe rafiki hakusema uongo. Na Muyeke naye, ambaye mwami wao aliuawa nyumbani kwake, hakosi sababu ya kulia. Watoto wa wote wawili wako katika masomo yetu, wanalala chumba kimoja. Basi kule Bunkeya, mbele ya kusema, uliza. Usipande juu ya kaburi, na usipige picha bila ruhusa.

Lofoi ni maneno mengine. Iko upande wa mashariki wa muto Lufira, katika Parki ya Kundelungu iliyofunguliwa mwaka wa 1970. Maji yanaanguka kutoka juu ya mulima zaidi ya mita 300, mara moja, bila kupumzika. Unasikia mungurumo mbele ya kuona kitu. Tukienda mwezi wa sita tutayakuta mazuri. Mwisho wa kiangazi yanabaki kama uzi. Nyama musitazamie wengi, wawindaji waliwamaliza sana. Bebeni koti, usiku baridi ya kule haina huruma, na viatu vya kufunga. Mwaka jana mumoja alikuja na sandale, tulimubeba mugongoni mpaka kwa kamyo.

Majina yatolewe kwa mukubwa wa kila darasa mbele ya siku ya posho.

Rafiki yangu hatakuwa nasi. Amehamia kwa wazazi wake Kolwezi. Lakini alinitumia kaye, kurasa ine, maneno ya babu yake. Niko nayo katika sanduku langu. Tukifika Bunkeya nitamutafuta yule muzee.