"Kila Baada ya Siku Kumi": Kiswahili na Upangaji wa Kazi za Kujirudia katika Programu za Kompyuta

Utangulizi

Makala haya yanachunguza sentensi moja ambayo msemaji yeyote wa Kiswahili huweza kuitamka bila kusita: "Kazi hii ifanyike kila baada ya siku kumi, saa nane usiku." Katika mazungumzo ya kawaida sentensi hii haina kasoro. Lakini ikikabidhiwa mwandishi wa programu aigeuze iwe amri ya kompyuta, hudhihirika kwamba ina maana zaidi ya moja, ilhali kompyuta itatekeleza moja tu. Utata huu ni suala la semantiki kabla ya kuwa suala la uhandisi. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi katika mjadala ambao kwa kawaida huachiwa wenzake wa sayansi ya kompyuta.

Programu nyingi huwa na kazi ambazo hufanyika bila mtu kubonyeza chochote: kuhifadhi nakala za data, kutuma ujumbe wa kumkumbusha mteja deni, kukokotoa hesabu za mwisho wa mwezi. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kazi hizo husimamiwa na programu iitwayo cron, iliyokuwamo katika Unix toleo la 7 la mwaka 1979. Cron hupokea amri yenye nafasi tano zinazofuatana: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Nyota katika nafasi yoyote humaanisha "yoyote ile".

Malisho, setilaiti na tarehe 31

Mfano wetu unatoka Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambako mvua hukosa mifugo ikafa. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bima ya mifugo katika kaunti za Wajir na Turkana, na baadaye ukafika Garissa na Mandera. Bima ya namna hii haihitaji mtu wa kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi, picha za siku kumi kumi huunganishwa, na malisho yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Mwaka hugawanywa misimu miwili: Machi hadi Septemba, na Oktoba hadi Februari.

Tuchukue programu ya kubuni inayofanya hesabu kama hiyo. Mtaalamu wa malisho amemwambia mwandishi wa programu maneno yale yale: "kila baada ya siku kumi, saa nane usiku". Mwandishi anaandika:

0 2 */10 * *

Nyota, mkwaju na kumi husomeka vizuri sana kama "kila siku ya kumi". Kwa cron, hata hivyo, maana yake ni kuanza tarehe 1 na kuruka kumi kumi mpaka mwezi uishe: tarehe 1, 11, 21 na 31. Kesho yake ni tarehe 1 tena. Katika mwezi wenye siku 31, basi, "siku kumi" za mwisho zimekuwa siku moja.

Madhara yake si madogo. Wataalamu wa hali ya hewa huugawa mwezi katika mafungu matatu: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho wa mwezi, uwe wa siku 28 au 31. Usiku wa manane wa tarehe 31 Machi fungu la tatu halijakamilika, hivyo programu itachukua tena picha ya tarehe 11 hadi 20, ambayo ilikwisha kuichukua tarehe 21. Kati ya Machi na Septemba kuna miezi minne yenye siku 31: Machi, Mei, Julai na Agosti. Badala ya vipimo 21 vya msimu, programu itakuwa na 25. Ikiwa kinachotazamwa ni jumla ya ukijani, jumla hiyo itavimba, malisho yataonekana mengi kuliko yalivyo, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake ataambiwa kwamba msimu ulikuwa mzuri. Hakuna taa nyekundu itakayowaka, kwa kuwa kompyuta imetii.

Kosa ni la nani? Tukiitazama upya kauli ya mtaalamu, "kila baada ya siku kumi" huweza kueleweka kwa namna tatu. Ya kwanza ni muda halisi: ukianza tarehe 1 Machi, utafuata tarehe 11, 21 na 31, kisha 10 Aprili. Ya pili ni mafungu ya mwezi, ambayo ndiyo aliyoikusudia. Ya tatu ni kupumzika siku kumi kamili katikati, yaani 1, 12, 23. Neno "baada" ndilo linalozaa maana hii ya tatu. Amri iliyoandikwa hapo juu haitimizi hata moja kati ya hizo. Angesema "tarehe 1, 11 na 21 za kila mwezi", mwandishi angeandika 1,11,21 katika nafasi ya tarehe na hesabu ingesimama sawa.

Saa ya nani?

Suala la saa linajulikana zaidi, nalo tutalipitia upesi. Saa nane usiku ya Kiswahili ni 2:00 ya kompyuta. Seva nyingi, hata hivyo, hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Huko, 2:00 ni saa kumi na moja alfajiri mjini Garissa. Siku za juma nazo zina mtego wake. Jumatatu, ambayo jina lake lina tatu, ni 1 katika cron, na 3 ya cron ni Jumatano. Tena kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo wakazi wengi wa Garissa huifuata, siku huanza jua linapotua. Saa nne ya usiku wa Ijumaa kwa hesabu hiyo ni Alhamisi, 22:00, kwa mashine.

Zipo pia kazi zisizo na saa maalumu kabisa. Programu ya kutangaza adhana haiwezi kuandikiwa saa moja ya mwaka mzima, ijapokuwa Garissa iko karibu sana na ikweta. Jua huvuka kilele chake mjini humo karibu saa sita na dakika 5 mapema Novemba, na karibu saa sita na dakika 36 katikati ya Februari. Ufumbuzi ni kupanga kazi ndogo ya kila siku, ambayo hukokotoa nyakati za siku hiyo na kuzipanga kazi nyingine.

Hu- na yale isiyoyasema

Katika Kiswahili, mofimu ya mazoea hu- ndiyo inayoelekea kufaa kazi za kujirudia: "Programu huchukua picha." Lakini hu- haibebi kiambishi cha nafsi wala wakati, hueleza desturi tu. Haisemi lolote kuhusu siku ambayo desturi ilikatizwa. Cron nayo ni vivyo hivyo: kompyuta ikiwa imezimika saa nane usiku kwa sababu umeme umekatika, zamu hiyo imepita, na cron haitairudia umeme ukirejea. Kuna programu nyingine, kama anacron, zilizoundwa kufidia zamu zilizopotea, ila mtu ni lazima aseme kwamba anataka zifidiwe.

Kwa hiyo maelekezo yanahitaji hali ya masharti na dhamira tegemezi, siyo hu- peke yake. Tunapendekeza yaandikwe hivi: "Tarehe 1, 11 na 21 za kila mwezi, saa nane usiku kwa saa za Afrika Mashariki, programu ichukue picha ya fungu la siku lililokwisha. Ikiwa kompyuta ilikuwa imezimika, iichukue mara itakapowaka. Ikiwa picha ya fungu hilo imekwisha kuchukuliwa, isiichukue tena."

Sentensi ya tatu ndiyo ambayo wengi huisahau, labda kwa kuwa kwa binadamu mwenye akili timamu haihitaji kutajwa. Kama ingekuwamo tangu mwanzo, hata ile amri yenye tarehe 31 isingemdhuru mfugaji: programu ingeamka, ingekuta picha ya tarehe 11 hadi 20 imekwisha kuingizwa, na ingerudi kulala.