Mawe ya Kale Katika Makorongo: Jinsi ya Kuyatambua

Baada ya mvua kubwa maji hukata kingo za korongo na kuacha mawe mengi mchangani. Mengi ni mawe tu. Lakini mengine yalichongwa na watu walioishi kabla chuma hakijajulikana. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey alichimbua mashoka ya mkono kuanzia miaka ya 1920. Umri wake ni kama miaka milioni moja. Yafaa basi kila mkulima ajue kuyatambua, maana huenda yako shambani mwake.

Tazama mambo haya:

1. Alama ya kugongwa. Jiwe likigongwa kwa jiwe jingine hutoa kibanzi. Upande wa ndani wa kibanzi hicho, karibu na mahali palipogongwa, pana kivimbe kidogo. Pengine utaona na mistari ya duara, kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa kijiwe.

2. Mpango wa kazi. Jiwe lililoanguka lenyewe huvunjika ovyo. Lililochongwa limetolewa vibanzi vingi, kimoja baada ya kingine, kufuata ukingo. Shoka la mkono huchongwa pande zote mbili: lina ncha huku na mviringo huku, wala halina tundu la mpini.

3. Aina ya jiwe. Watu wa kale walipenda jiwe jeusi ling'aalo kama kioo cha chupa, lipatikanalo pande za Naivasha na Eburru. Ukiliona mahali ambapo mawe ya namna hiyo hayapo, jiulize limefikaje.

Lakini usidanganyike. Jembe la trekta likigonga jiwe huacha jeraha jipya, ambalo rangi yake si sawa na jiwe lote. Moto pia hupasua mawe. Na jiwe lililosukumwa na maji siku nyingi huwa laini, alama zake zimefutika.

Kama kingo za jiwe bado ni kali, halikutoka mbali. Inua macho utazame ukuta wa korongo. Ukiona mawe kama hayo yamechomoza katika tabaka moja la udongo, hapo ndipo penye jambo. Usichimbe! Wataalamu huupata umri wa jiwe kwa kupima udongo na majivu ya volkano lilimolala. Ng'ombe asiye na alama hajulikani ametoka boma gani. Na jiwe lililoondolewa mahali pake ni vivyo hivyo.

Weka alama ya mti mahali hapo, kisha umpashe chifu habari, au upeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 humtaka aliyevumbua kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho katika muda wa siku 7. Usiliuze jiwe hilo kwa mpita njia, wala usichote mchanga hapo.

Tena kumbuka: maji yanayofukua mawe hayo ndiyo yanayokula shamba lako. Usilime mpaka ukingoni. Acha ukanda wa majani, na uzibe njia za maji zingali ndogo. Hivyo utaokoa udongo wako pamoja na kazi ya mikono ya wazee wa kale.