Afya ya Mwajiriwa na Faili la Afisa Utumishi

Mwalimu wa shule ya msingi anapougua kwa muda mrefu, wanafunzi ndio wanaokaa bila kufundishwa. Muuguzi wa zahanati anapovunjika mguu, akina mama waliofika kliniki na watoto wao husubiri hadi alasiri. Kwa sababu hiyo afya ya mwajiriwa si shauri la mwajiri na mwajiriwa peke yao, bali humgusa kila mkazi wa kata anayetegemea huduma zao. Isitoshe, nyumba nyingi zina kijana au mzazi aliyeajiriwa: kiwandani, shambani, dukani au serikalini. Somo hili linaeleza haki za kiafya za mwajiriwa wa Tanzania Bara zinavyofanya kazi, na kwa nini haki hizo hupotea mara nyingi hata pale sheria inapokuwa upande wa mgonjwa.

Msimamizi wa kwanza wa haki hizo ni afisa utumishi, ambaye siku hizi huitwa pia afisa rasilimaliwatu. Maafisa wa utumishi wa umma wana chama chao cha kitaaluma kinachojulikana kwa kifupi kama TAPA-HR, ambacho huwakutanisha wanachama katika mikutano ya mwaka. Chama cha namna hii kisichanganywe na chama cha wafanyakazi, ingawa wengi hufanya hivyo. Chama cha wafanyakazi, kama vile TALGWU kwa watumishi wa serikali za mitaa, hudai na kutetea maslahi ya wanachama wake mbele ya mwajiri. Chama cha wanataaluma hulinda viwango na maadili ya kazi yenyewe, yaani afisa atunze vipi kumbukumbu, atafsiri vipi sheria, na ampokee vipi mtumishi aliyekuja na karatasi ya daktari mkononi. Kazi hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini matibabu na fidia ya mgonjwa hutegemea karatasi kama hiyo.

Haki inayofahamika zaidi ni bima ya afya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kutoa huduma mwaka 2001. Mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara wake, naye mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Mchango huo humhudumia mtumishi, mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4. Makato hufanyika yenyewe kila mwezi, lakini majina ya wategemezi hayajiandikishi yenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu hatatambuliwa na mfuko mpaka mzazi apeleke cheti cha kuzaliwa na fomu iliyojazwa. Wapo wazazi wanaokatwa mchango kwa miaka, kisha wakalipa fedha taslimu usiku mtoto anapopatwa na homa kali, kwa kuwa jina lake halikuwahi kuandikishwa. Sasa ambapo ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, yenye lengo la kumfikia kila mkazi, uandikishaji wa wategemezi utazihusu pia kaya ambazo hazina mtu mwenye ajira rasmi.

Ya pili ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo hiyo katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Watumishi wa umma huongozwa pia na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma. Sharti lake ni cheti cha daktari anayetambuliwa. Asiyekileta aweza kunyimwa malipo ya siku hizo, na kauli ya jirani kwamba kweli alikuwa hoi kitandani haitamsaidia.

Ya tatu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, nayo ni fidia kwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Ipo chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango ya mfuko huu hutolewa na mwajiri peke yake, na ni kosa kumkata mwajiriwa hata shilingi moja kwa ajili hiyo. Mafao yake huenda mbali kuliko matibabu. Aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Aliyepata ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo hupata pensheni ya kila mwezi. Yapo pia malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengemao, msaada wa mazishi na mafao ya wategemezi wa aliyefariki.

Na tuchukue mfano wa kijana anayefanya kazi katika karakana ya kuchana mbao. Msumeno unamkata vidole viwili. Wenzake wanamfunga kitambaa na kumkimbiza hospitali kwa bodaboda. Anapoulizwa mapokezi ameumia wapi, msimamizi aliyemsindikiza anajibu haraka kwamba ameumia nyumbani, kwa kuwa anaogopa maswali ya wakaguzi. Kijana hakanushi, maana anataka kutibiwa na anataka kibarua chake kiendelee. Anatibiwa kwa kadi ya bima, jeraha linafunga, anarudi kazini. Baada ya miezi michache mkono hauwezi tena kushika ubao, naye anaachishwa kazi. Anapokwenda kuulizia fidia, rekodi ya hospitali inasema aliumia nyumbani, karakana haina taarifa yoyote ya ajali, na wenzake walioshuhudia wametawanyika. Jibu moja la mapokezi limemgharimu pensheni.

Utaratibu uliopaswa kufuatwa haukuwa mgumu. Aliyeumia, au mtu mwingine kwa niaba yake, humwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye hupaswa kuupelekea mfuko taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu apate habari. Hospitalini husemwa ukweli wa mahali na namna ajali ilivyotokea, na daktari huuandika. Mwajiri akikaa kimya, mwajiriwa aweza kuupelekea mfuko taarifa yeye mwenyewe, lakini asingoje, kwani baada ya miezi 12 madai yake huwa hatarini kukataliwa. Magonjwa yatokanayo na kazi, kama vile kupoteza usikivu kwa kelele za mashine au mapafu kuharibiwa na vumbi, nayo huhesabiwa. Hayo huhitaji uangalifu zaidi kwa sababu hujitokeza polepole na hayana siku moja ya kukumbukwa. Ndiyo maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na baada ya hapo kwa vipindi.

Upimaji huo huzaa hofu moja iliyo ya haki: nani atayasoma majibu? Wapo wanaoficha ugonjwa wakidhani taarifa ikishaingia kwenye faili itazagaa ofisi nzima. Sheria haimruhusu afisa kufanya hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sheria ya ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya Virusi vya UKIMWI. Afisa anayeacha majibu ya vipimo mezani, ambapo kila mpita njia atayaona, hajakosa uangalifu tu, bali amevunja sheria na maadili ya taaluma yake. Faraghani ndipo pa kupokelea karatasi ya namna hiyo, na mtumishi ana haki ya kuomba mlango ufungwe kabla hajaikabidhi.

Kila anayewasilisha cheti cha daktari, taarifa ya ajali au fomu ya mtegemezi abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mgogoro ukitokea, hatua ya kwanza ni kuzungumza na mwajiri, peke yake au kupitia tawi la chama cha wafanyakazi. Ikishindikana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayepinga kuachishwa kazi hupewa siku 30 kulifungua, na mwenye mgogoro mwingine siku 60. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini hakufika mapema.