Ndege wa Ulaya ao ndege wa kwetu?

Somo hili linatoka katika swali nililoulizwa klasini, mwaka wa tatu, na jibu langu la siku ile halikutosha. Tulikuwa tunasoma juu ya ndege wenye kuhama. Nilisema: pouillot siffleur ni ndege wa Ulaya, anakuja kwetu kukimbia baridi. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: «Mwalimu, kule anakaa miezi ngapi, na huku miezi ngapi?» Nikaanza kuhesabu ubaoni, na klasi nzima ikacheka.

Tuhesabu tena pamoja. Anafika katika misitu ya Ulaya mwezi wa nne ao mwanzo wa mwezi wa tano. Mwezi wa saba na wa nane anaondoka. Basi kule ni miezi mitatu ao mine tu. Miezi ingine yote yuko njiani ao yuko Afrika, katika nchi za misitu kutoka Sierra Leone mpaka Kongo yetu na Uganda.

Ni ndege mdogo sana, urefu sentimeta 12 hivi, uzito karibu gramu 10, ni kusema kama karatasi mbili za bulletini hii. Mgongo ni kijani, koo na kifua ni manjano, tumbo ni jeupe safi, na juu ya jicho kuna mstari wa manjano. Jina lake la sayansi ni Phylloscopus sibilatrix: neno la kwanza, la Kigiriki, maana yake mwenye kuchungulia majani, la pili, la Kilatini, ni mwenye kupiga mluzi. Na ni kweli, anachungulia majani kutwa, anatafuta viwavi, inzi na buibui. Wimbo wake unaanza polepole, kiisha unakimbia, kama kipande cha feza kinachozunguka juu ya sahani mpaka kinalala.

Zamani watu walimchanganya na ndugu zake wawili wanaofanana naye. Mwaka 1768 Gilbert White, mtumishi wa Kanisa la Anglikana katika kijiji cha Selborne, Uingereza, aliandika kwamba ni aina tatu, maana alisikiliza sauti zao. Alitumia masikio mbele ya macho!

Kule anajenga chini, si mtini. Kiota ni cha majani makavu, kimefunikwa juu, mlango uko kando. Jike anataga mayai 5 mpaka 7. Sasa mtasema: chini namna hii, panya na kicheche hawatakula? Wanakula. Katika msitu wa Białowieża, Poland, watafiti waliona kwamba mwaka wenye panya wengi ndege hawa wanaokaa pale ni wachache. Panya wengi wanaita wanyama wawindaji wengi, na hao wakipita wanakula makinda pia.

Mbele ya safari anakula sana, mafuta yanajaa chini ya ngozi. Ndiyo petroli yake. Anaruka usiku, anavuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara, anapumzika katika nchi za majani kusini ya jangwa, kiisha anashuka msituni.

Namna gani wamejua njia yake? Wanamfunga mgongoni chombo kidogo kisichofika gramu moja, chenye kuandika saa ya mwanga na saa ya giza. Hapa ndipo somo la jiografia linasaidia. Saa ya katikati ya mchana inaonyesha longitudo. Urefu wa mchana unaonyesha latitudo. Mwezi wa sita kule Poland mchana unapita saa 16, huku kwetu karibu na ikweta ni saa 12 mwaka mzima. Lakini karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu na 23 ya mwezi wa tisa mchana ni sawa dunia nzima, na chombo hakiwezi tena kusema latitudo. Na wanapaswa kumkamata ndege yuleyule mwaka unaofuata, ili wakisome!

Uingereza hesabu yao imeshuka zaidi ya nusu tangu miaka ya 1990. Wale waliomfuata Ghana wakati wa baridi ya Ulaya walimkuta si katika msitu mzito tu, hata katika mashamba ambamo wenye kulima wameacha miti mirefu. Shamba likikatwa miti yote, hayupo. Jambo hilo linatugusa sisi wenye wazazi wakulima, na ninyi vijana wenye mpira wa kurushia mawe mfukoni.

Yule mwanafunzi aliuliza tena: «Lakini si anazaa kule?» Ndiyo, anazaa kule. Mwenzake akamjibu: «Na wewe ulizaliwa Kisangani, hapa unakula kwa nani?»

Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, tazameni juu kabisa katika miti mirefu, asubuhi. Mwenye kumuona aandike tarehe, saa na jina la mti, hata kwa lugha ya nyumbani, alete klasini.