Mchezaji Aliyerudi Kuwa Mwalimu

Jioni, masomo yakiisha, vijana wa Bugene katika nchi ya Karagwe huenda uwanjani kucheza mpira. Pengine yuko kati yao kijana aliyemaliza shule, ambaye mwaka jana alicheza pamoja nao, na sasa ameombwa awafundishe. Kazi hiyo huonekana nyepesi, maana anawajua wote kwa majina na kwa tabia. Lakini siku ya kwanza tu huiona taabu yake. Mpira ukipotezwa karibu naye, miguu humwasha. Akiingia akaupiga yeye, watu watashangilia, na yule mdogo aliyeupoteza hatajifunza neno. Tena wale aliokuwa akicheka nao hawapendi kuonyeshwa kosa na mwenzao. Humwita kwa jina la utani, na maneno yake huyageuza kuwa mzaha.

Njia hiyo ilipitwa na mtu mashuhuri katika timu kubwa ya Dar es Salaam, naye ni Abdallah Kibadeni wa Simba. Mwaka wa 1974 alikuwamo katika kikosi cha Simba kilichofika nusu fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika. Kisha, tarehe 19 Julai 1977, Simba ilikutana na Yanga, watani wake wa jadi. Simba ilifunga mabao 6, Yanga haikupata hata moja. Na katika hayo 6, Kibadeni alifunga 3. Hata watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile huisimulia habari hiyo kana kwamba walikuwapo.

Miaka 16 ikapita. Mwaka wa 1993 Kibadeni alikuwa mwalimu wa Simba ile ile. Timu ilivuka hatua kwa hatua katika Kombe la CAF mpaka ikafika fainali, jambo kubwa kwa nchi nzima. Mchezo wa kwanza ulichezwa Abidjan, na Stella ya huko haikufunga, wala Simba haikufunga. Basi mambo yote yakangojea mchezo wa marudiano, Dar es Salaam, mwezi wa Novemba.

Uwanja ulijaa watu. Stella wakafunga mabao 2. Simba hawakupata kitu. Yule aliyefunga mara tatu siku moja sasa alikuwa nje ya mstari, na sheria haikumruhusu kuugusa mpira. Yote aliyoweza kuwapa wachezaji wake alikuwa amekwisha kuwapa siku za mazoezi, nao peke yao ndio waliopaswa kuyatumia.

Kombe likaenda Abidjan. Kibadeni hakuiacha kazi ya kufundisha. Baadaye alianzisha kituo cha kufundishia vijana mpira huko Chanika, kando ya jiji la Dar es Salaam, na mwaka wa 2013 Simba ikamwita tena kuwa mwalimu wake.